Namba Iliyo Chini ya Rangi: Kufuatilia Maisha ya Behewa la Mizigo

Hotuba iliyotolewa Dodoma mbele ya wastaafu wa reli, wanafunzi na wapenzi wa historia ya reli

Mbukwenyi!

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mlioitumikia reli, shikamooni. Wadogo zangu kutoka vyuoni, hamjambo. Nimepewa saa moja, na mwenyekiti wetu ni mtu aliyezoea kuachia treni kwa dakika, kwa hiyo sitazunguka.

Nimeombwa nieleze namna mtu anavyofuatilia maisha ya behewa la mizigo linalovuka mipaka: lilitengenezwa wapi, limepita mikononi mwa nani, namba yake imebadilishwa lini na kwa sababu gani. Najua kuna anayejiuliza moyoni, habari za mabehewa ya Ulaya zinatuhusu nini sisi wa Dodoma? Tazameni stesheni yetu ya zamani. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, hapa kwetu 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mjerumani akaondoka, ikaja Tanganyika Railways. Mwaka 1948 ikaunganishwa na reli za Kenya na Uganda, tukawa na East African Railways and Harbours. Mwaka 1969 bandari zikatengwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, ikazaliwa TRC, Shirika la Reli Tanzania. Mwaka 2007 ikaja kampuni, Tanzania Railways Limited, TRL. Sheria ya Reli ya 2017 ikaturudishia TRC. Kila aliyeingia aliingia na kopo lake la rangi.

Hoja yangu ni moja, naiweka mezani mapema. Namba ya behewa ni hati ya makubaliano kati ya watu wanaolitumia kwa wakati ule. Makubaliano yakibadilika, namba nayo inabadilika, na chuma kinabaki kilekile. Anayefuta namba ya zamani bila kuiandika mahali amelifanya behewa zima kuwa mtoto wa jana, hata kama lina umri wa babu yake. Ulaya wamefuta namba mara nyingi kuliko sisi, ndiyo maana wamelazimika kujifunza namna ya kuzitafuta. Tukajifunze huko kwanza, halafu turudi nyumbani.

Asili ya namba hizi ni deni. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na makampuni ya reli chungu nzima. Behewa la kampuni hii lilibeba mzigo likaingia kwenye njia ya kampuni ile, na huko likakaa wiki nzima. Nani amlipe nani? Mwaka 1842 wakaanzisha London ofisi ya kukokotoa madeni hayo, iliyoitwa Railway Clearing House. Ofisi hiyo iliweka makarani kwenye makutano ya reli, kazi yao kusimama kando ya njia, jua liwake mvua inyeshe, na kuandika namba ya kila behewa linalopita. Wazee mliokuwa makarani wa namba kwenye yadi ya Dodoma, na mimi nikiwemo, hao ndio watangulizi wetu. Mkosi wa kukuta 3 ukaisoma 8 kwa sababu ya vumbi haukuanzia kwetu.

Ulaya bara walikuja na mikataba. Mwaka 1890, mjini Bern, nchi kadhaa zilitia saini mkataba wa kusafirisha mizigo kwa reli kuvuka mipaka. Mwaka 1922 ukaundwa Umoja wa Kimataifa wa Reli, UIC, wenye makao Paris. Miaka hiyohiyo ya 1920 yakaja makubaliano ya kubadilishana mabehewa yaliyojulikana kwa herufi tatu za Kiitaliano, RIV, yaani Regolamento Internazionale Veicoli. Behewa lililopakwa herufi hizo ubavuni lilikuwa na ruhusa ya kuvuka, na reli iliyolishikilia ilimlipa mwenye mali kwa kila siku. Baada ya Vita Kuu ya Pili, reli za Ujerumani Magharibi na Ufaransa zilichoka kurudisha mabehewa matupu. Mwaka 1951 zikaweka baadhi ya mabehewa yao katika chungu kimoja, zikayaandika EUROP. Mwaka 1953 nchi nyingine za Ulaya Magharibi zikajiunga. Behewa la EUROP lilipakiwa popote lilipokutwa, bila kuulizwa kwao ni wapi. Upande wa mashariki nao wakaanzisha chungu chao mwaka 1964, alama yake OPW. Kwa mfuatiliaji hizi ni zawadi. Ukipewa picha isiyo na tarehe, ikawa na neno EUROP, tayari unajua haikupigwa kabla ya 1951.

Katikati ya miaka ya 1960 kikaja kitu kikubwa kuliko vyote: namba ya tarakimu 12. Kompyuta zilikuwa zimeanza kuingia maofisini, na kompyuta haijui kwamba behewa namba 1045 la Ubelgiji si behewa namba 1045 la Italia. UIC ikapanga namba moja itakayosomeka nchi zote. Hebu niwaandikie ubaoni namba niliyoitunga kwa ajili ya leo:

31 54 5302 417

Anzeni kushoto. Tarakimu mbili za kwanza zinaeleza hali ya behewa katika mabadilishano: lina ekseli mbili au limekalia bogi, yaani vigari vya magurudumu vinavyogeuka chini yake, linaruhusiwa kuvuka mpaka au halitoki nchini, ni la shirika la reli au la mtu binafsi. Kwa mpangilio wa wakati ule 01 na 11 zilikuwa za vile vyungu vya pamoja. 21 na 31 za mabehewa ya reli yenyewe yaliyoruhusiwa kuvuka. 23 na 33 za watu binafsi, ambayo pia yaliandikwa herufi P ndani ya kisanduku. Tarakimu ya pili inaficha siri nyingine. Ikiwa witiri, behewa ni la geji moja, yaani upana mmoja wa njia ya reli; ikiwa shufwa, limetengenezwa liweze kubadili geji, kwa mfano kutoka milimita 1435 za Ulaya kwenda 1668 za Uhispania. Sisi wenye geji tatu nchini tunaweza kuionea wivu tarakimu hiyo.

Zinazofuata, 54, zilikuwa za reli za Czechoslovakia. Ujerumani Magharibi ilikuwa 80, Ujerumani Mashariki 50, Ufaransa 87, Uswisi 85, Italia 83, Poland 51. Afrika nayo imo: Misri 90, Tunisia 91, Algeria 92, Morocco 93. Kisha tarakimu nne za aina ya behewa. Ile 5 ya kwanza inasema ni behewa la wazi lenye kuta ndefu, la makaa, kokoto au vyuma chakavu. Lingeanza na 1 lingekuwa la kufunikwa, likianza na 7 ni tangi. Mwisho kabisa 417, namba yake ya mfululizo.

Hizo ni 11. Ya 12 ndiyo ninayoipenda. Chukueni kalamu. Tarakimu ya kwanza zidisha kwa mbili, ya pili iache ilivyo, ya tatu zidisha kwa mbili, ya nne iache, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mnapata 6, 1, 10, 4, 10, 3, 0, 2, 8, 1, 14. Sasa jumlisheni tarakimu mojamoja, yaani 10 inaingia kama 1 na 0, na 14 kama 1 na 4. Jibu ni 32. Ili kufika kwenye kumi kamili inayofuata, ambayo ni 40, zinapungua 8. Basi namba kamili ni 31 54 5302 417-8. Karani akikosea tarakimu moja, hesabu inagoma. Akigeuza mbili zilizo jirani, inagoma pia, isipokuwa 0 na 9 zikipishana, hapo inadanganyika.

Kanuni hii ni ya Hans Peter Luhn, aliyekuwa mhandisi wa IBM, aliyeombea hataza mwaka 1954. Namba iliyo mbele ya kadi yako ya benki inahakikiwa kwa kanuni hiyohiyo. Simu uliyonayo mkononi nayo vilevile: bonyeza *#06#, ile IMEI ya tarakimu 15 ambayo mwaka 2016 ilizimisha simu feki za watu wengi humu, tarakimu yake ya mwisho inapatikana kwa hesabu ya Luhn. Kijana anayeuliza hesabu hizi zinasaidia nini, ajaribu kwenye kadi yake akifika nyumbani. Asiitaje namba mbele yangu tu.

Sasa tuingie kwenye uchungu wenyewe. Namba iliyofungwa na hali ya behewa, mwenye mali na aina yake haiwezi kudumu, kwa sababu vyote vitatu hubadilika. Behewa likitolewa kwenye chungu cha pamoja, tarakimu mbili za kwanza zinabadilika. Likikatwa kuta likawa la jukwaa tupu la kubebea makontena, tarakimu za aina zinabadilika. Mwaka 1980 UIC ilipanga upya madaraja ya mabehewa, na mabehewa ambayo hayakuguswa hata kwa nyundo yakajikuta yana jina jingine. Na kila badiliko linavuta tarakimu ya uhakiki nayo.

Halafu nchi zenyewe zikaanza kugawanyika na kuungana. Tarehe 1 Januari 1993 Czechoslovakia ikawa nchi mbili. Czech ikabaki na 54, Slovakia ikapewa 56. Tuseme lile behewa letu la ubaoni lilikwenda Slovakia na tarakimu zake nyingine zikaachwa. Litasomeka 31 56 5302 417-6. Zimebadilika mbili tu, ya nne na ya mwisho. Mtu asiyejua historia atadhani ni mabehewa mawili, tena ndugu. Mtu anayejua ataona ni behewa lilelile lililohamishwa uraia bila kuulizwa.

Ujerumani ilikuwa kinyume chake. Tarehe 1 Januari 1994 reli za mashariki na magharibi ziliunganishwa kuwa shirika moja, na 50 ya mashariki ikaondoka njiani kuipisha 80. Hapa kuna mtego ambao umewaangusha watu wazima. Ile 50 haikuzikwa. Baadaye ilipewa reli za Bosnia. Kwa hiyo picha ya behewa lenye 50 bila mwaka inaweza kuwa ya Dresden wakati wa ukomunisti au ya Sarajevo baada ya vita. Ushahidi utautafuta kwenye vitu vingine: rangi, mwandiko, breki, majani yanayoonekana nyuma.

Badiliko la 2006 lilikuwa la kina zaidi. Tarehe 1 Julai mwaka huo yale makubaliano ya RIV yalipisha mkataba mpya wa matumizi ya mabehewa, kwa sababu reli za Ulaya hazikuwa tena za shirika moja moja la serikali. Tarakimu ya tatu na ya nne zikaacha kutaja shirika zikawa zinataja nchi ambako behewa limesajiliwa. Reli ya BLS ya Uswisi, kwa mfano, ilikuwa na 63 yake peke yake. Baada ya hapo ikasomeka 85 kama behewa lolote la Uswisi. Anayelitunza behewa akatajwa kwa herufi pembeni: nchi, kistari, kisha kifupi cha jina lake, mfano D-DB au CH-SBBC. Anayetaka kujua behewa lilikuwa la nani mwaka 2003 na la nani 2010 asome mifumo miwili tofauti kana kwamba ni lugha mbili.

Wazungu wenyewe walichoka. Kanuni zao za sasa zinataka namba idumu na behewa, isibadilishwe ila pale ambapo ufundi wake au uwezo wake wa kuvuka umebadilika kweli. Kwa maoni yangu wamechelewa miaka arobaini, lakini wamefika.

Kuna mtu atasema, haya yote ni mchezo wa wapenda treni. Nimjibu kwa tukio moja. Usiku wa tarehe 29 Juni 2009, treni ya matangi ya gesi ilianguka kwenye stesheni ya Viareggio, Italia. Gesi ikavuja, ikalipuka mtaani, watu 32 wakafa. Chanzo kilikuwa ekseli iliyokatika. Ekseli hiyo ilitengenezwa Ujerumani Mashariki mwaka 1974, ikakaguliwa karakana ya Ujerumani mwaka 2008, kisha ikafungwa chini ya behewa huko Italia. Nchi iliyoiunda ilikuwa imeshafutika kwenye ramani. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tangi haikuweza kueleza lolote kati ya hayo. Baada ya msiba ule reli za Ulaya zikaanza kazi ya kuipa kila ekseli historia yake, mbali na historia ya behewa. Sisi tunaoijua ajali ya treni ya Igandu, Juni 2002, hatuhitaji kuelezwa vifaa vya chini ya treni vina uzito gani.

Basi mfuatiliaji anaanzia wapi akisimama mbele ya chuma chenyewe? Anaanza kwa kuinama. Mwili wa behewa hudanganya. Fremu husema ukweli zaidi. Kwenye boriti ndefu ya pembeni, karibu na mwisho mmoja, tafuteni kibati cha mtengenezaji. Kikiwepo kitakuwa na jina la kiwanda, mwaka, na mara nyingi namba ya kiwandani, ambayo haina habari na shirika wala nchi. Mara nyingi kimepakwa rangi juu kwa juu mpaka maandishi yamefumbwa. Msikikwangue kwa kisu, naomba sana. Wekeni karatasi nyepesi juu yake, msugue taratibu kwa ubavu wa penseli laini, na herufi zitapanda zenyewe kwenye karatasi. Nimeona fundi kijana akitoa namba kwenye kibati ambacho sote tulikuwa tumeshakisema ni laini kama sahani.

Kama kibati kimeng'olewa na wauza vyuma chakavu, na mara nyingi kimeng'olewa, subirini giza. Washeni tochi, muishike karibu kabisa na bati la ubavuni ili mwanga uteleze juu yake, usiupige uso kwa uso. Kingo za rangi ya zamani zitatupa kivuli chembamba. Rangi ya namba ina unene wake, na hata ikipakwa nyingine tatu juu, umbo la 7 linabaki. Pigeni picha kutoka pembe kadhaa, kwa sababu macho yanaona kinachotarajiwa.

Kisha nendeni kwenye ncha za ekseli. Pale zimegongwa kwa mhuri wa chuma namba ya ekseli, mtengenezaji na mwaka. Ziandikeni peke yake, wala msidhani umri wa ekseli ni umri wa behewa. Tazameni kama fremu imefungwa kwa ribiti au imechomelewa. Someni uzito mtupu uliopakwa. Behewa lililokatwa kuta haliwezi kuwa na uzito uleule wa mwanzo. Kwa mabehewa ya Ulaya kuna kisanduku chenye herufi REV, kinachotaja baada ya miaka mingapi behewa lirudi karakana, karakana ipi ililihudumia, na tarehe. Kisanduku hicho kimoja kinaweza kuweka picha yenu ndani ya muda wa miaka michache.

Karatasi nazo zina nafasi yake. Hati ya mzigo hutaja namba ya behewa, vivyo hivyo taarifa za ajali, orodha za mnada na madaftari ya mizani. Hapa nina kinyongo kidogo. Niliwahi kufuatilia rejista za mabehewa katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nikaambiwa zilikuwa zinajaza nafasi na zimetolewa. Zilikotolewa nilikuja kupajua nilipofungiwa karanga sokoni kwenye ukurasa wenye safu za namba za mabehewa, tarehe na majina ya stesheni. Nilinunua karanga zote za yule mama. Aliniona mteja mzuri sana.

Turudi nyumbani sasa. Kwetu mfano mzuri wa behewa la kimataifa ni lile la Afrika Mashariki. Kuanzia 1948 lilikuwa na mwenye mali mmoja katika nchi tatu, lakini njia zenyewe hazikuwa zimeungana zote. Reli ya Tanga ilikuwa imeshaunganishwa na ya Kenya kupitia Kahe na Voi tangu zama za Vita Kuu ya Kwanza. Reli ya Kati ilibaki peke yake mpaka 1963, ilipokamilika njia kutoka Ruvu kwenda Mnyusi. Maana yake, kabla ya 1963 behewa la Dodoma halikuweza kufika Nairobi kwa kuviringika juu ya reli tupu. Mkiletewa picha ya mwaka 1955 inayodai kuonyesha behewa lililotoka Dodoma moja kwa moja likiwa Nairobi, mwulizeni mleta picha lilipita wapi. Ziwa Victoria nalo lilikuja kuwa sehemu ya reli: meli kama MV Umoja inabeba mabehewa yakiwa na mzigo wake kutoka Mwanza hadi Port Bell, Uganda, na kwa kuwa pande zote ni geji ya mita moja, behewa linashuka na kuendelea na safari.

Halafu Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Fikirieni yadi za wakati huo, behewa limeandikwa EAR, limekutwa upande huu, na wenzake wako upande ule. Ugawaji rasmi wa mali za Jumuiya ulihitaji msuluhishi kutoka Uswisi, Dakta Victor Umbricht, na mkataba ukatiwa saini Arusha Mei 1984. Mali ziligawanywa kwa asilimia: Kenya 42, Tanzania 32, Uganda 26. Mezani zilikuwa asilimia. Yadini ilikuwa ni fundi mwenye brashi. Ndiyo maana nasema yale mabadiliko ya Slovakia yaliyowashangaza wazungu 1993 sisi tulikuwa tumeshayapitia, tena bila kompyuta, tena wakati hatuzungumzi na jirani. Tofauti ni kwamba wao wana watu waliokaa wakaunganisha namba za kabla na za baada, safu kwa safu. Yetu iko vichwani mwa wazee waliokaa mistari hii miwili ya mbele.

TAZARA, reli ya kwenda Zambia, ni habari nyingine. Yenyewe ina geji ya milimita 1067, sisi 1000. Milimita 67 hizo ndizo zinazozuia behewa la Dodoma kwenda New Kapiri Mposhi. Tangu 1998 Kidatu pana kituo cha kuhamisha makontena kutoka reli moja kwenda nyingine. Pale namba ya behewa inakufa na namba ya kontena inaendelea. Kontena lina herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu ya saba ya uhakiki, ingawa hesabu yake ni tofauti na ya Luhn. Nendeni barabara ya Morogoro mkasome malori yanayopita. Tarakimu ile ya mwisho iliyozungushiwa kisanduku ndiyo hiyo.

Na sasa tuna reli ya kisasa, SGR. Milimita 1435, sawa na Ulaya. Abiria walianza kufika Dodoma Julai 2024, uzinduzi rasmi ukawa tarehe 1 Agosti, na mwaka 2025 treni za mizigo zikafuata kwa mabehewa mapya kutoka China. Mwaka huohuo ulisainiwa mkataba wa kujenga reli kutoka Uvinza hadi Musongati, Burundi. Serikali imesema wazi kwamba waendeshaji binafsi watakaribishwa kwenye njia. Unganisheni hayo matatu. Mabehewa yetu yatavuka mpaka, yatakuwa na wamiliki zaidi ya mmoja, na bila shaka baadhi yatauzwa, yatakodishwa, yatakatwa na kuchomelewa upya. Vurugu yote niliyoieleza tangu mwanzo inakuja, na safari hii tunaiona ikiwa mbali.

Ninachoomba si mfumo wa gharama. Rejista ya behewa iwe na safu ya namba ya zamani, na safu hiyo isiruhusiwe kuachwa wazi namba inapobadilishwa. Pembeni yake tarehe, karakana na sababu: limeuzwa, limegeuzwa aina, limehamia nchi gani. Namba ya kiwandani iandikwe siku behewa linapopokelewa bandarini, kibati kikiwa bado kinang'aa. Ekseli ziwe na daftari lao, kwa sababu zinahama kutoka behewa hadi behewa kila zinapoingia karakana. Mhandisi mmoja aliniambia kompyuta itatunza yote. Kompyuta inatunza ulichoiambia; ukibadilisha namba juu ya namba, na yenyewe inasahau bila kinyongo.

Kwa mabehewa ya geji ya mita, kazi ni ya kwetu humu ukumbini. Vijana, gawaneni yadi na stesheni kutoka Gulwe mpaka Manyoni, muombe kibali kwanza, tafadhali, msije mkaniingiza matatani na walinzi. Wazee, yale madaftari madogo ya mfukoni mliyokuwa mkiandikia namba za treni, kama hayajaliwa na mchwa, yaleteni tuyapige picha palepale mkiwa mmekaa nayo, hatutayachukua. Meza iko kule mlangoni, ina karatasi nyepesi, penseli na fomu. Fomu ina safu saba na ya pili imeandikwa "namba ya zamani".

Mwenyekiti, muda wangu umebaki dakika chache, na kuna mzee kule nyuma amenyoosha mkono tangu nilipoitaja Kidatu. Naona anacheka, bila shaka ana la kunisahihisha. Apewe kipaza sauti.